Joto na Paa katika Mwambao wa Rumonge

Mwambao wa Tanganyika upande wa Burundi umekaa kwa namna inayomtaabisha kila mjenzi, kwani ziwa liko magharibi na milima mashariki, hata ule upepo wa mchana utokao majini, ambao ndio faraja ya watu wa Rumonge, hutoka upande ule ule ambako jua la alasiri humulika kwa ukali wake wote. Afunguaye dirisha apate upepo hupata na jua, na afungaye huketi ndani akitoka jasho. Huko juu milimani, ambako usiku ni wa baridi, Warundi walijenga misonge ya nyasi iliyoshuka karibu na ardhi ili kuhifadhi joto la moto wa jikoni. Huku chini, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, kazi ilikuwa kulizuia joto lisiingie.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na waungwana wa pwani, ambao walikuwa wamekwisha kufanya maskani Ujiji, mwambaoni mwa ziwa hilo hilo, kabla ya wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke kufika huko Februari 1858, walikuja na elimu yao ya nyumba pamoja na vitambaa na shanga. Mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone Ujiji mwaka 1871 akikaa katika tembe yenye baraza, kisha wote wawili wakapanda mtumbwi, wakaufuata mwambao wa Burundi mpaka mdomo wa mto Rusizi. Baraza hiyo, ambayo wageni wengi waliidhania kuwa mahali pa mazungumzo tu, ndiyo iliyoukata ule ugomvi wa upepo na jua, maana upenu wake mrefu huutia ukuta kivulini na kuuacha upepo upite. Ukuta nao, wa fito zilizokandikwa udongo pande mbili hata ukawa mnene kupita shubiri, hulipokea joto la mchana polepole mno, likafika ndani usiku, saa ambayo watu wamekwisha kutoka kupunga upepo. Madirisha yalikuwa madogo, ya mbao, na baina ya ukuta na paa iliachwa nafasi ya kutolea hewa ya moto. Mnazi haukuwa mti wa huko, basi badala ya makuti waliezeka nyasi, ambazo kwa kuzuia joto hazina upungufu wowote.

Bati, lililokuja kuchukua nafasi ya nyasi, lilizaliwa mbali. Henry Robinson Palmer wa Uingereza alipata hataza ya bati la migongo mwaka 1829, na mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata yake ya kukipaka chuma zinki kisishike kutu. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo mizito ya namna hiyo ikapata njia nyepesi ya kuingia ziwani. Sioni haki ya kuwalaumu waliolipokea: nyasi huoza, hukaribisha panya na nyoka, na cheche moja yatosha kuteketeza mtaa, ilhali bati hukaa miaka na kumpa mwenyewe heshima mbele ya majirani. Lakini unene wake haufiki milimita moja, na likishika kutu likawa jeusi hulinywa jua na kulimimina juu ya vichwa vya waliolala.

Udongo nao umepoteza sifa yake katika miaka hii ya karibuni, ambapo ziwa limepanda na kuingia mitaani, mwaka 2024 ukiwa miongoni mwa miaka mibaya, kwa kuwa ukuta wa fito hauwezi kusimama majini. Wenye uwezo hugeukia matofali ya kuchoma, ambayo hula kuni nyingi, au ya saruji.

Sasa mitambo ya umeme ya mito Jiji na Mulembwe, yenye nguvu ya karibu megawati 50, imeongeza tamaa ya umeme, na pamoja na umeme huja pangaboi. Walakini pangaboi chini ya bati tupu huzungusha hewa ile ile ya moto. Fedha yake ingefaa kwanza kununulia dari, hata kama ni ya mikeka ya matete, yenye matundu juu yake pande mbili za nyumba ili hewa iliyofungwa chini ya bati ipate pa kutokea. Halafu chokaa nyeupe ukutani, na upenu upande wa ziwa. Fundi aijuaye kazi hii humwambia mteja kabla bati halijapigiliwa, kwa sababu kuongeza upenu baadaye ni kubomoa na kulipa mara ya pili.