Homoni Inayongoja Usingizi wa Pono

Chini ya ubongo wa binadamu kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, pituitari. Mwaka 1921, Herbert Evans na Joseph Long wa Chuo Kikuu cha California waliwadunga panya dondoo ya tezi hiyo iliyotolewa kwa ng'ombe, na panya wale wakakua kupita wenzao. Ilijulikana basi kwamba ndani ya pituitari mna kitu kinachokuza mwili. Lakini tezi hukimwaga lini? Jibu lilichukua zaidi ya miaka 40, kwa kuwa kitu hicho, homoni ya ukuaji, hupimwa kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu.

Zana mbili zilihitajika, ya kusoma usingizi na ya kupima homoni, na kila moja ilizaliwa kivyake. Huko Jena, Ujerumani, Hans Berger alitangaza mwaka 1929 kwamba amerekodi umeme wa ubongo wa binadamu; mwaka 1937 Alfred Loomis na wenzake wa Marekani wakatumia mawimbi hayo kuugawa usingizi katika hatua. Zana ya pili ilitoka Bronx, New York. Rosalyn Yalow na Solomon Berson walibuni kipimo ambamo homoni iliyotiwa mionzi hugombea kingamwili na homoni iliyomo katika damu ya mgonjwa. Walianza na insulini. Kufikia mwaka 1963 maabara yao ilikwishaipima homoni ya ukuaji.

Zana hizo zilikutanishwa St. Louis, Marekani. Yasuro Takahashi, David Kipnis na William Daughaday waliwalaza vijana wanane maabarani kwa jumla ya usiku 38, na matokeo yakachapishwa mwaka 1968. Nyaya zilifuatilia ubongo na macho. Mrija uliokaa mshipani ulitoa damu kila nusu saa.

Kwa saba kati yao, homoni ilipanda ghafla mara tu usingizi mzito ulipoanza: nanogramu 13 hadi 72 kwa mililita, kwa muda wa saa moja na nusu hadi tatu na nusu. Je, ni saa ya ukutani iliyoamua? Waliocheleweshwa kulala, homoni nayo ilichelewa. Walioamshwa kwa saa mbili tatu kisha wakaachwa walale tena, ilipanda upya. Wala si kushuka kwa sukari ya damu kulikosababisha, maana hilo nalo lilichunguzwa.

Ni nini basi huipa tezi amri? Mwaka 1982, kundi la Roger Guillemin na lile la Wylie Vale yalitambua kichochezi kinachotoka kwenye ubongo na kuiamuru pituitari imwage homoni hiyo.

Umri nao una lake. Mwaka 2000, Eve Van Cauter na wenzake wa Chicago walichapisha takwimu za wanaume 149 wenye afya, wa miaka 16 hadi 83. Usingizi mzito ulikuwa asilimia 18.9 ya usingizi wa vijana. Kwa wenye miaka 36 hadi 50 ulibaki asilimia 3.4, na homoni ikapungua sambamba nao.

Kwa kuwa homoni hii hupanda hasa usingizini, daktari anayeshuku kwamba mtoto amepungukiwa na homoni hii hategemei damu ya mchana iliyochotwa mara moja. Humpa dawa ya kuichochea tezi, kisha huchota damu mara kadhaa ndipo atoe uamuzi.