Saa za Mama, Maziwa ya Mtoto

Kuna kauli inayorudiwa mno barazani, vijiweni na hata kwenye semina za afya: kwamba akina mama wa zamani walinyonyesha miaka miwili bila kunung'unika, na wa siku hizi wamekimbilia kopo kwa kuiga Wazungu au kwa kuogopa matiti kulala. Kauli hiyo imebeba lawama, na historia haiiungi mkono. Ukifuatilia jinsi watoto wachanga walivyolishwa Afrika Mashariki na Kongo kwa miaka mia moja na ushee, utaona kwamba mara nyingi kilichoamua mtoto ale nini kabla hajafikisha mwaka ni swali moja la kazi: saa za mama yake zilikuwa mikononi mwa nani? Mama aliyekuwa na saa zake alinyonyesha. Aliyenyang'anywa alitafuta kitu cha kuziba pengo, kikiwa uji, maziwa ya ng'ombe au maziwa ya unga.

Tuanze pwani. Katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten ingawa sehemu yake kubwa ilitoka kwenye kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, uzazi na malezi vimepewa nafasi ya heshima, na desturi ya arobaini ambayo wengi wetu bado tunaijua ni sehemu ya ulimwengu huo. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hapiki, hachoti maji, hafui. Mkunga au somo yake humkanda kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa mkaja, na wanawake wa nyumbani humletea uji wa pilipili manga na supu. Muda huo unakwenda sambamba na hukumu ya Kiislamu ya nifasi, yaani damu ya uzazi, kwa hiyo ni rahisi kuuona kuwa ni jambo la dini na twahara peke yake. Lakini mtu akiutazama kwa jicho la kazi, ataona likizo ya uzazi iliyokamilika. Kazi za mzazi zilichukuliwa na dada, wifi, shangazi na mama mkwe, yeye akabaki na shughuli moja: kumpa mtoto ziwa kila aliapo, kumcheulisha, na kulala pale mtoto anapolala. Majuma sita ya kwanza ndiyo yanayoimarisha maziwa ya mama, maana ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyonyonywa. Baada ya hapo mbeleko ilichukua zamu. Mtoto alikwenda mgongoni shambani, kisimani na msibani, na hapakuwa na mahali pa kazi ambapo ziwa lilikuwa mbali naye.

Tusiharakishe kuzisifu enzi zile, hata hivyo. Arobaini ilitaka nyumba yenye watu na akiba ya chakula, na si kila mwanamke wa pwani alikuwa nayo. Mjakazi katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba hakumiliki hata siku moja ya maisha yake, sembuse arobaini. Katika jamii nyingi, pwani na bara, maziwa ya mwanzo yaliyo mazito na ya manjano yalikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa machafu, na mtoto akapewa maji au uji mwepesi mapema kuliko tumbo lake lilivyohimili. Hata mwiko wa kubemenda mtoto, uliowataka wazazi wajizuie na tendo la ndoa hadi mtoto apate nguvu, ulikuwa na pande mbili. Uliwapa watoto nafasi ya kupishana vizuri, na kwa hiyo ulimlinda aliyeko kifuani asipokonywe ziwa na mdogo wake. Lakini mtoto akidhoofika kwa malaria au kuhara, kidole kilielekezwa kwa mama kwamba ameuvunja. Kwa hiyo sidai kwamba zamani palikuwa na ujuzi ambao sasa umepotea. Palikuwa na mpango wa kugawana kazi ambao, kwa wale waliokuwemo, uliwapa muda.

Mahali ambapo mkono wa nje uliingia waziwazi katika ratiba ya ziwa ni Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1912 iliundwa jumuiya ya kulinda watoto weusi, nayo ilifungua vituo vya kupimia wachanga na kugawa maziwa. Maofisa walikuwa na hofu kwamba watu wanapungua, na wengi wao waliutazama unyonyeshaji wa miaka miwili au mitatu, pamoja na mwiko wa kujizuia, kuwa ndio sababu ya wanawake kuzaa kwa nadra. Hofu hiyo ilipata mfadhili Katanga. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa ikihangaika na uhaba wa vibarua; kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikaacha kutegemea wanaume wa miezi michache na kuanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, kwa mikataba ya miaka mitatu. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa nguzo ya siasa hiyo, alisimamia mfumo wa kliniki za watoto, posho ya chakula na usimamizi wa familia. Katika kambi hizo zilizozungumza Kiswahili, pembezoni mwa Lubumbashi ya leo, mchanga alikuwa jambo la kampuni: alipimwa, aliandikwa, na kuachishwa kwake ziwa kukawa jambo la wakubwa, kwa kuwa mama aliyeacha kunyonyesha mapema aliweza kubeba mimba nyingine mapema. Atakayepinga atasema vifo vya watoto kambini vilipungua sana kadiri miaka ilivyokwenda. Ni kweli, na dawa, maji safi na chakula cha uhakika ndivyo vilivyofanya hivyo. Ila hilo halibadili jambo ninalolisema. Muda wa mama na mwanawe ulikuwa umeingizwa kwenye hesabu za mgodi.

Kopo lenyewe lilienea baadaye, miji ilipopanuka. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa tiba ya watoto Makerere kuanzia 1959 hadi 1966, aliishi katikati ya jambo hilo. Katika Hospitali ya Mulago, ambako mwaka 1965 kilifunguliwa kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, madaktari walikuwa wamezoea kwashakoo ya mtoto wa mwaka wa pili aliyeachishwa ziwa akabaki na vyakula vya wanga. Sasa mijini walikuwa wakiona unyafuzi wa watoto wadogo zaidi, waliokonda hadi mifupa kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, na mara nyingi nyuma yao kulikuwa na chupa. Jelliffe aliuita utapiamlo uliozaliwa na biashara. Alikuwa na haki. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni za maziwa ziliwaajiri wanawake waliovaa sare nyeupe za kinesi, wakazunguka katika wodi za wazazi wakitoa makopo ya bure. Mama alipokwenda nyumbani na kopo hilo, mtoto alishiba chupa na kuliacha ziwa; ziwa lisiponyonywa maziwa hupungua; kopo la bure lilipokwisha, la kununua likawa la lazima. Halafu njoo uone lilivyotumika katika chumba kimoja chenye jiko moja la mkaa. Mchanga hula mara sita hadi nane kwa siku, usiku ukiwemo. Kila mlo unataka maji yaliyochemka, chupa iliyochemshwa, na chuchu ya mpira iliyosuguliwa kwa ndani, maana mabaki hugandia palepale kwenye shingo ya chupa. Mkaa ni wa kupikia ugali wa familia nzima. Basi maji yanachemshwa asubuhi mara moja, chupa inasuuzwa tu, na kijiko cha kupimia kinachotakiwa kujaa kinakuwa nusu ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto huyo anapata maji meupe yenye vijidudu, na mama yake hajafanya uzembe wowote. Amefanya hesabu.

Vita vilivyofuata dhidi ya kampuni hizo vinajulikana. Mwaka 1974 shirika la Uingereza la War on Want lilichapisha kijitabu cha Mike Muller kuhusu vifo vya watoto wa chupa. Kikundi cha Uswisi kilichokitafsiri kwa kichwa kinachosema Nestlé huua watoto kilishtakiwa, na mwaka 1976 mahakama ya Bern iliwatoza wanachama wake faini ndogo kwa kashfa hiyo, huku jaji akiitaka kampuni itafakari upya namna inavyotangaza bidhaa zake. Filamu ya Peter Krieg ya mwaka 1975 ilionyesha hali ya Kenya. Mwaka 1977 Wamarekani walianza kuisusia Nestlé, na tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti utangazaji wa maziwa ya kopo kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, na Kenya sheria yake mwaka 2012. Ninaheshimu kazi hiyo kwa moyo wote. Iliondoa sare za uongo wodini. Lakini iligusa mkono wa muuzaji tu. Haikumrudishia mama saa hata moja.

Na hapa ndipo panapohitaji umakini, kwa sababu takwimu zinaweza kutumiwa dhidi yangu. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 95 ya watoto walinyonyeshwa, ila waliopata maziwa ya mama peke yake katika miezi sita ya kwanza walikuwa asilimia 13 tu. Mtu anaweza kusema: basi kopo halikuwa adui mkuu, na kelele zote zile zilikuwa za bure. Nakubali sehemu ya kwanza. Kwa wanawake wengi wa Afrika Mashariki ziwa halikuachwa kamwe. Liliongezewa maji, uji na maziwa ya ng'ombe, kwa mila kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine kwa sababu mama alikwenda shambani au sokoni na mtoto akabaki na dada yake wa miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa hana ziwa. Hilo linalipa nguvu swali la saa. Kisha tazama kilichofuata: asilimia 13 ya 2003 ikawa 32 mwaka 2008–09 na 61 mwaka 2014. Tabia za wanawake wa nchi nzima hazibadiliki hivyo katika miaka kumi na moja kwa kuwa wameacha uvivu. Walipewa maelezo sahihi na watu waliofika hadi mlangoni kwao, na waliweza kuyafuata pale palipokuwa na nafasi.

Miaka ya UKIMWI ilitoa jaribio gumu zaidi. Ilipothibitika kwamba VVU hupita katika maziwa ya mama, kopo lilirudi kwa heshima ya dawa. Utafiti wa Nairobi ulioongozwa na Ruth Nduati, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha faida ya kweli: walioambukizwa hadi miaka miwili walikuwa asilimia 36.7 katika kundi la ziwa na 20.5 katika kundi la chupa, na idadi ya waliofariki haikutofautiana sana. Matokeo hayo ni ya haki na sitayakwepa. Ila akina mama wale walikuwa na maji ya bomba, walipewa maziwa bila malipo, na walifundishwa namna ya kuyatumia. Mazingira hayo yalipokosekana, mambo yaligeuka. Botswana, ambako serikali iligawa maziwa bure, mvua kubwa za mwanzoni mwa 2006 zilichafua maji, na kuhara kukawaua watoto wengi, hasa wasionyonya. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zichague: mama atumie dawa za kupunguza makali na anyonyeshe, au asinyonyeshe kabisa. Kopo halikuwa sumu Nairobi wala tiba Botswana. Lilikuwa salama kwa kiasi kilekile ambacho nyumba ilikuwa na maji, moto na mtu mwenye muda.

Sheria za kazi ndizo zilizopaswa kulijibu swali la muda, na zilianza mapema. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa uzazi, wa mwaka 1919, uliweka majuma kumi na mawili ya likizo na nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Uliwahusu wanawake wa viwandani na wa biashara, mkulima akaachwa nje. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, inatoa siku 84, au 100 kwa mapacha, kisha hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ya kazi. Kenya inatoa miezi mitatu, na tangu 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea. Lakini kliniki za serikali hizohizo zinamwambia mama asimpe mtoto chochote isipokuwa ziwa kwa miezi sita. Kati ya siku 84 na miezi sita kuna zaidi ya miezi mitatu ambayo sheria haijaijaza, na saa mbili kwa siku hazimsaidii anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, akiwa amemwacha mtoto Mbagala, kwa sababu zinaishia njiani. Mzigo wenyewe kwa kiasi kikubwa umewekwa juu ya mwajiri mmoja mmoja, na wapo wanaoukwepa kwa kutomwajiri mwanamke wa umri wa kuzaa.

Wengi zaidi hawana mwajiri kabisa. Mwaka 2022 Kenya ilipima tena na kukuta wanaopata maziwa ya mama peke yake ni asilimia 60, yaani miaka minane imepita bila kusogea, na sioni kwamba mabango zaidi yataisogeza. Anayepanga nyanya katika soko la Gikomba au Kariakoo anaujua ushauri wa miezi sita kwa ghibu. Anachokosa ni kipato cha siku ambazo hatafungua meza yake. Mifuko ya hifadhi ya jamii katika nchi zote mbili tayari inapokea michango ya watu waliojiajiri. Kuwafikishia wanawake hawa fao la uzazi linalotosha miezi sita ni uamuzi wa bajeti, na unastahili kupiganiwa bungeni kwa nguvu ileile iliyotumika kulipiga vita kopo.