Vitufe vya Dirisha katika Kompyuta ya Kupakata

Vitufe vya dirisha ni zile alama ndogo, aghalabu tatu, zilizo juu ya kila dirisha la kompyuta: ya kulifunga, ya kulikuza likaenea kiwambo kizima, na ya kulishusha likajificha kwa muda. Kwa kuwa mwenye kazi huzigusa tangu asubuhi hata magharibi, mahali zilipo na jinsi zinavyoutii mkono ni jambo linalostahili kutengenezwa kwa makusudi, wala si kuachwa lilivyotoka kiwandani.

Mahali hapo hapakuwekwa ila na ada. Madirisha yalianza katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, katika miaka ya 1970. Macintosh ya mwaka 1984 ikakiweka kitufe cha kufunga kushoto, ilhali Windows 95 ilikipeleka pembe ya kulia. Nayo Windows ya Kiarabu, kwa kuufuata mwandiko uanziao kulia, huvipeleka vitufe vyote kushoto. Basi mtu wa Msambweni, pwani ya Kenya, aliyekuwa karani Maskati, akiizoea kompyuta ya namna hiyo, arejeapo kwao mkono wake hutangulia pembe isiyo na kitu. Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux ulioasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulivihamishia kushoto mwezi wa Aprili 2010, watu wakanung'unika sana, na Oktoba 2017 vikarudi kulia.

Haja ya kuvitengeneza hudhihirika zaidi kwa wafanyao kazi baina ya madirisha mawili. Katika saiba za Ukunda, huko huko pwani, karani humfungulia mteja ukurasa wa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, huku akinakili namba kutoka picha ya cheti. Na katika mapokezi ya hoteli za Diani, barua pepe ya mgeni husomwa sambamba na jedwali la vyumba. Anayekuza dirisha hili na kulishusha lile kwa zamu hupoteza wakati, na lililo baya zaidi, huibeba namba kichwani kutoka dirisha hadi dirisha, na tarakimu moja ikiponyoka, mteja ndiye atakayerudishwa.

Dawa iliyo sahali kuliko zote ni kuyapanga madirisha ubavu kwa ubavu. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, kitufe cha kibodi chenye nembo ya Windows kikibanwa pamoja na mshale wa kushoto au wa kulia, dirisha hushika nusu ya kiwambo. Na katika Windows 11, kielekezi kikitulizwa juu ya alama ya kukuza, hutokea michoro ya mipangilio ya kuchagua. Mac ilipata upangaji wa namna hii mwaka 2024 kwa toleo la Sequoia, na mipangilio yake humruhusu mtu kuamua kama kugonga mara mbili juu ya dirisha kulikuze au kulishushe.

Kuvihamisha vitufe vyenyewe ni fadhila ya Linux hasa. GNOME, mazingira ya madirisha yatumiwayo katika Linux, ambayo mwaka 2011 ilibakiza cha kufunga peke yake, hukubali viwili vingine virejeshwe, na upande kuchaguliwa, kwa programu ya GNOME Tweaks. Windows haina ruhusa hiyo ya asili. Programu za nje za kuibadili sura yake zipo, lakini si za kushauriwa kwa mashine ya kazi, kwani sasisho moja laweza kuziharibu. Katika kompyuta inayotumiwa na makarani wengi, inafaa kila mmoja afunguliwe akaunti yake kabla ya kubadili lolote, ili mpangilio wa huyu usimzuilie mwenziwe ajaye zamu ya jioni.