Zabuni: Neno Lililotoka Mnadani

Zabuni lilikuwa neno la sauti kabla ya kuwa neno la hati. Asili yake ni Kiarabu, ambako linamtaja mteja au mnunuzi. Waswahili wakaligeuza kitenzi: kuzabuni ni kutaja bei mnadani, ukimpandia mwenzako dau. Mnada nao umetokana na kuita. Ndiyo maana hadi leo mwanasiasa hunadi sera zake. Siku hizi, katika ununuzi wa umma, bei haitajwi hadharani. Inapakiwa kimyakimya kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2023. Sauti imekwisha, neno limedumu. Tusilibadilishe.

Ila linabeba mzigo wa watu wawili. Taasisi "inatangaza zabuni" na kampuni "inawasilisha zabuni": swali na jibu vina jina moja. Ukisoma "zabuni imefutwa", je, ununuzi wote umesitishwa, au ni mshindani mmoja tu aliyeondolewa? Napendekeza kinachotangazwa kiitwe wito wa zabuni, na kinachowasilishwa ndicho kiitwe zabuni.

Jirani yake, tenda, tumelitohoa kutoka Kiingereza, likaja kugongana na kitenzi chetu wenyewe. Mgongano huo una utamu wake: mara ngapi tenda imempata asiyetenda! Libaki vijiweni. Kwenye hati halihitajiki.

Pendekezo ni mtoto wa penda. Kupendekeza ni kulifanya jambo lipendeke. Linafaa sana kwa kazi za ushauri, ambako mtaalamu hueleza njia atakayoifuata na sababu za kuichagua. Kwa mwenye kuuza saruji au madawati halifai. Huyo hapendekezi kitu. Anajibu masharti na kutaja bei. Yake ni zabuni.

Hadidu za rejea ni istilahi ninayoionea fahari. Hadidu ni mipaka, ndugu wa hadi; rejea ni kurudi. Basi ni mipaka ya kurudiwa. Anayeandika pendekezo bila kuirudia kila aya huishia kujisifu mwenyewe, na watathmini hawana alama za kumpa kwa hilo.

Uzoefu umechakaa kwa kutajwa ovyo. "Kampuni yetu ina uzoefu mkubwa," huandika kila mtu. Neno limetoka kwenye kuzoea, na mtu huzoea kitu fulani, mahali fulani. Kama ni mtandao wa kompyuta, sema uliufunga shule gani, kompyuta ngapi, ulikabidhi lini, na nani atathibitisha. Hapo uzoefu unarudia maana yake.

Manunuzi na ununuzi si pacha. Manunuzi ni vile vilivyonunuliwa; ununuzi ni tendo na utaratibu wake. Sheria ya Ununuzi wa Umma imechagua vyema, nasi tuifuate, hata kama ofisini bado tunasikia "idara ya manunuzi".

Lakiri, nta ya kufungia bahasha, tuliachiwa na Wareno. Wengi wanadhani imekufa pamoja na bahasha zenyewe. Mimi ningeifufua: zabuni iliyofungwa mtandaoni isisomeke mpaka saa ya ufunguzi, tuseme imetiwa lakiri. Neno fupi, lina historia, na kazi yake haijahama hata kidogo.

Tuzo ndilo ninalolikataa. Husikika kwamba mzabuni fulani "amepewa tuzo ya zabuni". Tuzo hupewa mchezaji bora au mwandishi hodari, baada ya kazi. Mzabuni hajafanya kazi bado. Ameteuliwa aifanye, naye atadaiwa. Uteuzi wa mzabuni unatosha, kisha mkataba. Anayeambiwa ametuzwa hujiona mshindi. Anayeambiwa ameteuliwa hujua ana deni.

Msomaji mwenzangu, wewe unayeandika hati hizi au kuzitathmini, istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Katika hati yako ijayo andika wito wa zabuni, andika uteuzi, na tuzo uwaachie wanamichezo.