Tar ya 1979 Bado Inaokoa Laptopu Ndogo

Wasee wa laptopu za diski ndogo, hii hesabu mnaijua. Umepakua faili iliyobanwa ya GB 6, ukiifungua inakuwa GB 14. Jumla ni 20, na wewe ulikuwa na nafasi ya 15. Linux inakuambia diski imejaa, unaanza kufuta picha. Mimi nasema tunafuta picha bure, juu hii shida ilitatuliwa kabla wengi wetu tuzaliwe.

Turudi Bell Labs, Marekani. Mwaka 1979, toleo la 7 la Unix lilitoka na programu inaitwa tar. Jina limetoka kwa tepu, ile mikanda ya sumaku. Enzi hizo diski ya RK05 ilibeba karibu MB 2.5, yaani hata picha moja ya simu yako inaweza kuijaza. Mizigo mikubwa ilikaa kwenye tepu, na tepu husomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, kama kaseti. Ndiyo maana tar inasoma jina, inatoa faili, inasonga mbele. Haingoji kuona mwisho ndio ianze.

Tayari 1973 Ken Thompson alikuwa ameweka paipu kwa Unix, wazo la Doug McIlroy: kinachotoka kwa programu moja kinaingia nyingine moja kwa moja. Ongeza gzip ya 1992, unapata:

curl -L anwani | tar -xz

Data inafunguliwa ikiwa njiani. Ile GB 6 haikai kwenye diski kamwe, kwa hivyo unahitaji 14 peke yake.

Zip ya Phil Katz, ya 1989, iliweka orodha ya yaliyomo mwishoni. Ni poa ukitaka faili moja haraka, lakini unzip ya kawaida inataka mzigo wote ufike kwanza.

Ubaya ni mmoja: net ikikatika katikati, unaanza upya na bando imeenda. Kama bando yako ni ya kuhesabu, pakua kwa flashi, kisha ufungulie kwa laptopu:

tar -xzf /media/flashi/faili.tar.gz -C ~/kazi

Flashi isiwe FAT32, hiyo haibebi faili moja inayozidi GB 4.

Tunaambiwa kila siku tununue diski kubwa. Wazee wa Unix hawakuwa na hiyo bahati, na ndiyo maana zana zao zinatufaa sisi kuliko nyingi za leo. Kabla ya kufuta picha, jaribu paipu.