Debe la Mbwa

Ukipita Milimani hapa Nakuru, hesabu mageti yenye kibao cha MBWA KALI. Si mbwa mkali. Mbwa kali. Walimu wa Kiswahili wamelilia hilo kosa miaka nenda miaka rudi, na wenye mageti hata hawashtuki. Mimi kibao hicho nakisoma kama hati ya kale. Hicho ni Kisetla, Kiswahili cha jikoni kwa mlowezi, ambacho ngeli zote zilitupwa nje zikabaki nomino na amri. Mlowezi aliondoka, kibao kikabaki. Na nikichimba zaidi naona si kibao tu kilichobaki. Hata mabishano yetu ya siku hizi kuhusu mbwa ale nini yalianzia kwenye jiko lilelile.

Mabishano yenyewe unayajua kama una mbwa, au una rafiki mwenye mbwa asiyenyamaza. Upande mmoja kuna watu wa mfuko: vile vipunje vikavu, vya duara au vya umbo la mfupa, kipimo asubuhi, kipimo jioni, basi. Upande wa pili kuna watu wa sufuria: ugali, matumbo, omena kidogo, karoti. Wa mfuko wanasema wao ni wa kisasa. Wa sufuria wanasema wao ni wa asili, eti hivi ndivyo mababu walivyolisha mbwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu na tangu hapo naishi kwa vibarua vya kuandika, na nimeshaandika matangazo ya pande zote mbili, yakalipwa kwa M-Pesa ileile. Kitu kimoja kilinikera kila mara: wote wanakosea tarehe. Hapa Nakuru, mfuko una umri mkubwa kuliko sufuria.

Mnamo 1860 hivi, Mmarekani aitwaye James Spratt alikuwa London akiuza vyuma vya kukinga radi. Inasimuliwa kwamba aliona mbwa bandarini wakigombania biskuti kavu za mabaharia, akapata wazo. Akachanganya ngano, mboga, bitiruti na nyama, akaoka, akauzia mabwanyenye wenye mbwa wa kuwinda. Karani mmoja wa kampuni yake, Charles Cruft, alikuja kuanzisha yale maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts mwaka 1891. Vipunje tunavyovijua leo vilikuja baadaye, miaka ya 1950, pale Marekani ilipochukua mashine za kupikia nafaka za kiamshakinywa na kuzitumia kwa chakula cha mbwa. Lakini biashara ya chakula cha mbwa kilichopakiwa ilikuwa na miaka arobaini wakati reli ilipofika Nakuru mwaka 1900.

Sufuria ya ugali je? Kabla ya reli, uwanda huu ulikuwa malisho ya Wamaasai. Juu kwenye msitu wa Mau walikuwepo Waokiek, warina asali na wawindaji, na mbwa wao walikuwa wenza wa kazi. Mbwa wa Okiek alikula kutokana na windo. Mbwa wa boma alikula mifupa, ngozi, na alichookota. Hakuna aliyewasha moto kwa ajili ya mbwa. Mahindi yalikuja kutawala mashamba ya hapa na walowezi, kwa hiyo ugali wa mbwa nao ni mgeni, tena mgeni wa juzi.

Lord Delamere alijipatia ekari 100,000 Njoro mwaka 1903, akapambana na kutu ya ngano hadi karibu afilisike, na mwaka 1908 yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ya kusaga wakaiita Unga. Hivyo tu, Unga. Baadaye chama cha wakulima wazungu, KFA, kiliweka makao makuu yake Nakuru, na mji ukawa mji wa magunia. Kinu kikisaga nafaka, kinatoa unga mweupe na kinabakisha pumba na viini. Vyakula vingi vya mifugo vilivyofuata vilitokana na swali moja la kibiashara: haya mabaki tumuuzie nani?

Walowezi walikuja na mbwa wao, na pia desturi zao za kulisha. Kule Uingereza, mbwa wa kuwinda mbweha walipikiwa uji mzito wa shayiri ukachanganywa na nyama ya farasi iliyochemshwa. Molo palikuwa na klabu, Molo Hunt, watu wakiwinda juu ya farasi na kundi la mbwa mbele, kwenye baridi ya kufanana na kwao. Shayiri ilikuwa adimu, posho ilikuwa tele. Nikiangalia lile debe la posho na nyama lililochemka nyuma ya jikoni za mashamba haya, naona uji wa Kiingereza uliobadilishiwa nafaka. Ndio huo leo tunauita chakula cha asili.

Nani alikoroga? Babu yangu alikuwa mmoja wao. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa kijana wa miaka kumi na kitu, aliajiriwa jikoni kwenye shamba moja upande wa Njoro. Kazi yake ya kwanza asubuhi, kabla hata ya chai ya bwana, ilikuwa debe la mbwa. Mawe matatu, maji, posho, kichwa cha kondoo au mapafu. Mbwa walikuwa saba. Memsabu alikuja mwenyewe na mwiko kukoroga kutoka chini, kuhakikisha nyama imo. Babu hasimulii hili kwa uchungu. Anacheka, hasa anapoiga ile sauti: "Wewe weka nyama yote?" Sasa linganisha na mgao wa mfanyakazi wa shamba zama zile. Kwa kawaida ulikuwa kama ratili mbili za posho kwa siku, na ukibahatika, maharagwe na chumvi. Unga wa gunia moja ulienda kwenye vyungu viwili, na chungu kilichokaguliwa nyama ni cha mbwa.

Ndiyo maana babu akiniona nimebeba mfuko wa vipunje huwa hasemi kitu, anautazama tu. Kuna siku aliuliza bei. Mfuko wa kilo 15 kutoka Ulaya unazidi kodi ya keja yangu, kwa hiyo nilimtajia bei ya ule mdogo.

Yule bwana aliondoka baada ya uhuru, shamba likagawanywa, na babu akaachiwa mbwa mmoja mzee wa Kijerumani. Nyama ikatoka kwenye debe siku hiyohiyo. Mbwa akala walichokula watu: ugali, maziwa ya mgando, maji ya maharagwe. Aliishi miaka mingine sita. Wanasayansi waliopima jeni za mbwa na mbwa mwitu wa Ulaya walichapisha mwaka 2013 maelezo yanayonisaidia kumwelewa yule mzee: mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga. Amekaa nasi hadi tumbo lake likajifunza nafaka zetu. Kwa hiyo anayekuambia ugali unaua mbwa anakudanganya.

Mahindi yenyewe, hata hivyo, yanaweza kuua. Hapa ndipo historia ya Bonde la Ufa inaacha kuwa kichekesho.

Mwaka 1960, kwenye shamba la mlowezi hapa Bonde la Ufa, maelfu ya vifaranga vya bata vilikufa baada ya kulishwa chakula chenye karanga zilizoota ukungu. Mwaka huohuo Uingereza ilipoteza batamzinga zaidi ya 100,000 kwa namna ileile, na uchunguzi wake ndio uliowapa watafiti jina jipya: aflatoksini, sumu ya kuvu. Mwaka 1977 ikawa zamu ya mbwa. Wengi walikufa, pamoja na kuku, Nairobi, Mombasa na Eldoret, kwa vyakula vilivyohifadhiwa vibaya vikaota ukungu. Mwaka 2004, Ukambani, watu 125 walikufa kwa mahindi yao wenyewe.

Sumu hii haifi kwa kuchemshwa. Unaweza kupika lile debe kutwa nzima, ini la mbwa litaharibika vilevile, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi. Sasa fikiria desturi ya nyumbani. Gunia likilowa, tunachambua. Mazuri ni yetu. Yaliyobadilika rangi kidogo ni ya ng'ombe na kuku. Yale meusi yenye harufu? "Hayo wapatie mbwa." Nimesikia sentensi hiyo Bahati, nimeisikia Rongai, nimeisikia kwetu. Novemba 2019, KEBS ilipopiga marufuku chapa tano za unga wa ugali kwa sababu ya sumu hii, niliona watu wakiuliza mtandaoni kama angalau mbwa anaweza kuumalizia. Hakuna aliyeuliza kwa ubaya. Ni ngazi tu, na mbwa yuko chini kabisa.

Mfuko nao hauko nje ya ngazi hiyo. Mwisho wa 2005 huko Marekani, vipunje vya kampuni moja viliua mbwa wasiopungua 100, na chanzo kilikuwa mahindi yenye aflatoksini. Mwaka 2007 chapa nyingi zikaondolewa madukani baada ya kugundulika kwamba ngano kutoka China ilitiwa melamini, kemikali ya plastiki, ili vipimo vionyeshe protini ambayo haipo. Anayenunua mfuko ananunua kazi ya ukaguzi iliyofanywa na mtu mwingine, mbali. Mara nyingi imefanywa. Nembo yenye picha ya mbwa anayecheka haikuambii ni lini haikufanywa.

Watu wa sufuria wasifurahi mapema. Chuo Kikuu cha California kule Davis kilichambua mapishi 200 ya mbwa mwaka 2013, na asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Ya kwetu yana shida zake: ugali na nyama bila mfupa hauna kalsiamu ya kutosha, mchuzi uliobaki umejaa vitunguu, ambavyo vinaharibu damu ya mbwa, na mfupa wa kuku ukishaiva hupasuka kama sindano. Na kama ni matumbo, mapafu au ini, chemsha. Kule Turkana, tegu wa Echinococcus aliyezunguka kati ya mbwa na mifugo aliwapa watu uvimbe wa maji kwenye maini kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu zaidi duniani, hadi AMREF ikaanzisha mradi wa kumdhibiti miaka ya 1980. Mbwa humpata kwa kula viungo vibichi vya mizoga. Hapa moto wa memsabu ulikuwa na akili, hata kama sijui nia yake.

Mbwa wangu anaitwa Bosco, koko halisi wa Free Area, na anakula vyote viwili. Vipunje nusu, sufuria nusu. Natumia unga ninaokula mimi, kutoka pakiti moja, matumbo ya bucha yaliyoiva, omena, na ganda la yai lililosagwa. Mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ilipopita shilingi 200, tulipunguziwa wote wawili.

Vipunje vyangu nilikuwa nanunua agroveti, vya kupimiwa. Gunia limefunguliwa mlangoni, bakuli la plastiki limezamishwa ndani, unapewa kilo moja kwenye karatasi ya kaki. Mwezi uliopita nilimuuliza kijana wa duka lebo iko wapi, nione tarehe. Akakunjua mdomo wa gunia, akatazama ndani, akatazama nje. Lilikuwa gunia la mbolea, limeoshwa vizuri. La chakula lenyewe, akasema, walishauza. Linafaa kwa viazi.