Nani Alilipia Bweni

Mukurweini, kusini mwa Nyeri, ni nchi ya migongo inayopakana na Murang'a. Kielimu ilibanwa na misheni mbili: Waskoti wa Tumutumu, na Wakatoliki wa Consolata waliojenga Gikondi. Mwaka 1929 misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliwataka waumini na walimu waahidi kwa kidole gumba kuacha tohara ya wasichana, na watoto wa wengi waliokataa wakafukuzwa shuleni. Jibu la wazazi likawa kujenga shule zao wenyewe. Muungano wa shule hizo, KISA (Kikuyu Independent Schools Association), ulizaliwa Gituamba, Murang'a, na mwaka 1939 kikafunguliwa Chuo cha Walimu cha Githunguri, Kiambu, chini ya Mbiyu Koinange, aliyerudi na shahada kutoka Marekani.

Tumezoea kusema shule hizo zililinda mila darasani. Mimi sikubaliani. Darasani walitaka Kiingereza, tena mapema kuliko misheni zilivyopenda, na mwaka 1936 KISA ilikubali mtaala wa serikali. Mila ilikaa kwenye mchango na kwenye kamati za shule. Fedha za Githunguri zilichangwa kwa riika: waliotahiriwa pamoja walijipangia kiasi, na hakuna riika lililotaka kuonekana limeshindwa na lililolifuata. Wanawake nao walichanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Utaratibu ule ule uliompa kijana nafasi yake katika jamii ndio uliomjengea mahali pa kulala akisoma, na mwanafunzi hakulazimika kuchagua kati ya kitabu na watu wake.

Pingamizi zito ni kwamba kilichotetewa mwanzoni kilikuwa ukeketaji. Hilo halipambwi: uliwaumiza wasichana, na sheria ya mwaka 2011 inaupiga marufuku kwa haki. Lakini kosa la mila moja halihalalishi kumfukuza mtoto shuleni kwa sababu babaye hakuweka kidole. Isitoshe, hao hao waliochangia bweni walitaka binti zao wasome, jambo ambalo wanaoiona harakati nzima kuwa ya kurudi nyuma hulipita kimya.

Wengine watasema misheni nazo zilitoa viongozi. Ni kweli, hata Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alisoma Tumutumu. Ila ziliporuhusu ngoma au lugha ya nyumbani, aliyeruhusu alikuwa mwenye shule, na angeweza kuizuia muhula unaofuata. Serikali ya kikoloni ilielewa tofauti hiyo vizuri. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, haikuishia kupiga marufuku nyimbo. Zilifungwa shule zenyewe pamoja na Githunguri, na chuo kikageuzwa mahali pa kunyongea watu. Leo Nyeri ina chuo kikuu chenye jina la Kimathi, na Katiba ya 2010, kifungu cha 44, inampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake. Kifungu hicho hakisemi nani akae kwenye kamati ya bajeti.